Chipukizi la Chini

Asubuhi ile sikuwa na mahali pa kwenda. Msimu wa kupogoa mizabibu Hombolo ulikuwa umekwisha, wenzangu walikuwa wamerudi makwao, na mimi niliamka nikakunja blanketi, nikatia mkasi na msumeno mdogo kwenye begi, nikashika barabara ya Dodoma mjini. Sikumuaga mtu. Ndivyo nilivyo tangu nilipoacha shule darasa la sita: mahali pakianza kunizoea, naondoka.

Dereva wa lori la mchanga alinipakia, akanishusha Ipagala kwa kuwa hapo ndipo alipokuwa akimwaga. Nikatembea mitaani nikichungulia juu ya kuta. Wengine wakipita nyumba za watu hutazama magari. Mimi hutazama miti. Kiangazi kilikuwa kimekolea, upepo unasukuma vumbi, na nyuma ya geti moja lililokuwa wazi nikaona mchungwa unaokufa.

Ulikuwa na matawi makubwa matatu, yote makavu nchani, majani machache yamejikunja. Lakini chini kabisa, karibu na udongo, lilichomoza chipukizi moja la kijani, limenyooka, limenipita kifua.

Mama mmoja wa makamo alikuwa ameketi kwenye mkeka akipepeta mchele.

"Mbukwenyi, mama," nikamsalimia, kwa Kigogo nilichookota mashambani.

"Hicho wapelekee Wagogo. Mimi wa Kondoa."

"Shikamoo basi."

"Marahaba. Unauza nini?"

"Siuzi kitu. Mchungwa wako unaumwa."

"Najua unaumwa. Wewe ni daktari?"

"Nimepogoa mizabibu misimu minne."

Akacheka mpaka ungo ukatikisika. "Haya, karibu, daktari wa zabibu."

Kicheko hakikudumu. Akaniambia kuwa mche ule uliletwa na marehemu mumewe kutoka Muheza, akiwa ameupakata kwenye basi siku nzima kama mtoto. Sasa binti yao, anayefanya kazi kwenye ofisi za serikali Mtumba, amenunua gari na anataka pa kuliegesha. Alikwisha kumpata mtu wa msumeno wa mashine. Angekuja Jumamosi, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

"Kitu kimoja tu kinamfanya asite," akasema, akinyoosha kidole. "Hilo la kijani. Amesema jioni hii akirudi ataliangalia. Akiona lina tumaini, ataniachia mti mpaka mvua zianze."

"Ataliona," nikasema. Nilikuwa na hakika kabisa.

Kwenye mizabibu kuna kanuni ambayo hata usingizini naijua. Mkono wa mzabibu, yaani tawi lake kuu, ukichoka, unachagua chipukizi lenye nguvu kutoka chini, unaukata ule mchovu, unalilea hilo jipya. Mwaka unaofuata unavuna. Kwa hiyo sikufikiri mara mbili. Mama alikubali niutibu, akaingia jikoni kuwasha mkaa abandike chai, nami nikapanda na msumeno. Tawi la kwanza likaanguka. La pili likagoma kidogo, kisha nalo likaanguka. Uwanja ukajaa jua ghafla.

Nilishuka nipumue kabla ya tawi la tatu. Niliposhika lile chipukizi ili nilifunge kwenye kijiti, mwiba ulinidunga kiganja. Mwiba mrefu, kama sindano ya kushonea magunia. Nikatazama juu: tawi lililobaki lilikuwa na miiba mifupi tu. Nikachuma jani la chipukizi, nikalifikicha, nikanusa.

Limau.

Nikachuma jani la juu. Chungwa.

Nikapiga magoti, nikafuta udongo kwa mikono. Kiganja kimoja kutoka ardhini shina lilikuwa na kovu, limevimba kama goti. Chipukizi lilikuwa limetoka chini ya kovu hilo. Niliwahi kukaa kutwa nzima na muuza miche mmoja Morogoro, nikimuuliza maswali mpaka akaniomba nimwache ale. Aliniambia: mchungwa wa kubebeshwa ni miti miwili, miguu ya limau na kiwiliwili cha chungwa. Miguu ikiachiwa kuchipua, inajinywea yenyewe na kiwiliwili kinakufa kwa kiu. Niliyasikia, nikayaona matamu, nikayasahau. Na sasa nilikuwa nimekata theluthi mbili za mti wa marehemu ili nilee mwizi.

Jikoni sufuria ililia. Geti lilikuwa bado wazi. Begi langu lilikuwa pale pale nilipolitua, hatua saba kutoka kwangu.

Nilizitembea hizo hatua. Nisidanganye. Nililivaa begi begani, mguu mmoja ukawa nje, ndipo nikakumbuka kuwa mkasi nimeuacha chini ya mti. Bila mkasi mimi si kitu. Nikarudi. Nilipoinama kuuokota, mama alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai, akilitazama begi mgongoni mwangu.

"Unaenda wapi?"

"Mama, nimekosea."

Nikamweleza yote, kovu, miiba, miti miwili. Alitua kikombe, akachuma jani, akalifikicha, akanusa kwa muda mrefu.

"Kumbe nimekuwa nikimwagilia limau," akasema polepole. "Maji ya kuoshea mchele, kila siku, kwenye hili hili. Likate."

"Nikilikata, binti yako hatakuta cha kijani."

"Likate! Mume wangu hakupakata limau kutoka Muheza."

Nililikata hadi kwenye gome lenyewe, nisiache kisiki cha kuchipua tena. Kisha nikalipandia tawi la tatu, safari hii kwa mkasi tu, nikipunguza ncha kavu kidogo kidogo mpaka nikakuta mti mbichi. Mama akaleta chokaa iliyobaki walipopaka ukuta. Tukapaka shina lote, maana gome lililozoea kivuli likipigwa na jua la Dodoma linapasuka. Upande wa magharibi tukasimika fito mbili na kufunga kanga zake kuukuu.

Saa kumi na mbili kasoro honi ikalia. Binti akashuka na viatu vyake vya ofisini, akasimama.

"Mama, mti uko wapi?"

"Si huo hapo."

"Hiyo ni fimbo imevalishwa kanga! Na lile la kijani?"

"Lilikuwa limau."

"Na huyu ni nani?"

"Daktari wa zabibu."

Hakucheka. Nikakwangua kwa ukucha gome la tawi lililobaki. Chini yake palikuwa na rangi ya kijani. Binti akanisogeza pembeni. Akakwangua mwenyewe, mahali pengine, karibu na ncha, kwa ukucha wake uliopakwa rangi. Akaugusa unyevu kwa kidole. Mama yake alikuwa akiusokota ukingo wa mtandio wake.

"Mpaka mvua," binti akasema hatimaye. "Yule wa msumeno nitampigia asije. Lakini huyu haondoki. Mti ukifa, atang'oa kisiki na mizizi yake yote kwa mikono yake."

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kunikataza kuondoka mahali. Nikaokota begi langu, nikamfuata mama.

Mama akanifungulia stoo ya uani. Kulikuwa na magunia ya mahindi, baiskeli isiyo na tairi, na kidirisha kilichotazama moja kwa moja kwenye lile shina jeupe. Akatandika mkeka.

"Maji ya bomba yatatoka kesho Ijumaa alfajiri, halafu basi mpaka Jumanne," akasema, akinikabidhi ndoo mbili. "Usilale sana."