Shemeji Aliyeipuliza Kamera ya Marehemu kwa Mdomo

Admin, nifiche jina, lakini maneno yangu usiyapunguze. Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba, mjane, naishi Musaga hapa Bujumbura, kazi yangu ni kupiga picha za harusi. Nina binti mmoja tu. Yeye ndiye sababu ya kuandika leo, ila ili mnielewe lazima nianze na kamera.

Marehemu mume wangu aliinunua miaka ya mwisho ya vita, kwa mzungu mmoja aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao. Kamera ya dijitali! Mtaani watu walikuja kushangaa tu jinsi picha inavyotokea hapo hapo kwa nyuma. Alinifundisha kazi yote, na kuna jambo alilirudia mpaka likanichosha: ukitoa lensi, ndani kabisa kuna kibamba kidogo kinachong'aa, capteur, ndicho kinachoshika picha. Hakiguswi na kidole, hakifutwi na nguo, hakipulizwi na mdomo. Alikufa kwenye barabara ya kusini, gari lao liliposhambuliwa, akienda harusini na kamera yake ya zamani ya filamu. Ile ya dijitali aliniachia mimi, maana siku hiyo nilikuwa na ubatizo mjini.

Nikaendelea na kazi, ningefanyaje? Mtoto alikuwa hajaanza hata shule. Kiangazi kikaja na vumbi lake, na kila picha ikawa na madoa meusi, mahali pale pale. Kwenye gauni jeupe la bibi harusi, madoa! Wateja wakaanza kunung'unika.

Siku moja nimetoa lensi, nimenyanyua kioo cha ndani, namulika vumbi kwa tochi, akaingia shemeji, kaka mkubwa wa marehemu. Akaninyang'anya. "Leta hapa. We mwanamuke unajua nini ya mashine?" Kabla sijasema kitu, akapuliza. Fuuu! Kama anayewasha makaa ya mbabura, jiko letu la mkaa. Niliona mate yakiruka, jamani. Picha iliyofuata ilikuwa mbaya kuliko zote. Naye bila haya akasema, "Unaona? Imekufa. Siku ya kuganduka tutaiuza, ni mali ya familia."

Kwa wasiotujua, kuganduka ni siku ya kumaliza kilio. Ukoo unakaa, watu wanakunywa, halafu inasemwa mbele ya wote marehemu ameacha nini na nani atashika nini. Likishasemwa pale, limekwisha. Nilijua kamera yangu ikitajwa pale kuwa ni takataka, mimi na mtoto tumebaki mikono mitupu. Nikasema moyoni: apana. Haitoki ndani ya nyumba hii.

Nilimkimbilia rafiki yangu Mkongomani, mama mwenye studio mjini. Akaangalia, akasonya. "Vumbi utatoa na poire, lakini mate haitatoka na upepo, dada." Akanipa kijiti chenye kitambaa laini na chupa ndogo ya dawa yake maalumu. "Tone moja. Unapitisha pole, bila kusugua. Ukisugua, utalia."

Nilisubiri umeme urudi, nikajaza betri kwanza, maana betri ikiisha katikati, pazia la ndani linafunga juu ya kijiti na hapo ndipo kamera inakufa kweli. Nikamwaga maji sakafuni vumbi litulie, nikafunga madirisha. Poire ni ule mpira ambao akina mama tunavutia makamasi ya watoto. Nilinunua mpya famasi, nikauosha kwa sababu ndani una unga mweupe, nikauacha ukauke kabisa. Nikaigeuza kamera iangalie chini, nikapuliza kwa mpira huo bila kuuingiza ndani. Halafu kijiti: upande mmoja kwenda, upande wa pili kurudi, basi. Hasira ilinishikilia mkono vizuri. Nikaanika shuka jeupe uani, nikalipiga picha. Safi! Nililia, halafu nikacheka peke yangu kama kichaa.

Siku ya kuganduka, shemeji akasimama na shati lake jeupe. "Na ile kamera, kwa sababu huyu mke wa marehemu aliiharibu..." Sikumwacha amalize. Nilisimama, pa! nikampiga picha mdomo ukiwa wazi. Nikaikuza picha kwenye kioo cha nyuma, nikampelekea mzee wa ukoo. "Baba, tafuta doa kwenye shati hilo." Mzee akaangalia wee. "Doa sioni," akasema. "Lakini huyu anayesema imeharibika, huyo namuona vizuri." Watu wakacheka mpaka wakamwaga pombe. Ikatangazwa pale pale kuwa kamera ni yangu.

Hiyo kamera ndiyo iliyomsomesha binti yangu mpaka chuo kikuu. Sasa anaolewa. Wakwe wanaleta mahari, na kwa desturi yetu baba mkubwa ndiye anayekaa kwenye kiti cha baba na kupokea. Shemeji anazunguka mtaani akisema, "Mi ndiye nilitengeneza ile kamera, mi ndiye nilikomalisha huyu mutoto, nikamulea mpaka akakua." Tena amenipigia simu, nisisahau kumpiga picha nzuri akipokea. Eh!

Familia inasema nimwache, ameshazeeka, na mwanamke akikaa kwenye kiti kile wakwe wanaweza kuondoka na mahari yao. Binti yangu ameniambia, "Mama, ukae wewe. Wakiondoka, waondoke." Lakini nimemuona pia akilia chumbani, kwa sababu anampenda huyo kijana.

Ndugu zangu, anayetaka kuniambia ninyamaze kwa ajili ya amani, apite tu, hayo nimeyasikia tangu wakati wa vita. Imvutano yangu, vazi la sherehe, nimeshaipiga pasi. Kazi ya picha siku hiyo nimempa yule rafiki yangu Mkongomani, kwa hiyo sitakuwa na kamera ya kujificha nyuma yake. Kiti kitakuwa mbele yangu, na shemeji atakuwa anakuja kukikalia. Mungekuwa mimi, mungefanya nini? Nikae?