Bi Zima na Seva Isiyo na Kazi

Mke wangu anafanya kazi winguni. Sisemi hivyo kwa majivuno, nasema kwa sababu nimechoka kueleza. Jirani yetu wa mlango wa pili aliwahi kumuuliza kama wiki ijayo mvua itanyesha, na mke wangu, badala ya kumfafanulia, akamwambia aanue nguo mapema. Mpaka leo yule mama anamwamini kuliko redio.

Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo nitaeleza kifundi. Zamani kampuni ilikuwa na kompyuta zake kubwa, zimefungiwa chumbani na feni. Siku hizi inakodi kompyuta za watu walio mbali, zinaitwa seva, na huko mbali ndiko wanakokuita winguni. Ukitaka seva mpya unabonyeza tu, umeipata. Sasa hapo ndipo balaa linapoanzia, maana kila mtu anajua kubonyeza na hakuna anayekumbuka kuzima. Kampuni ya mke wangu inahudumia hospitali, na siku alipoanza kazi alikuta seva mia mbili na ushee, nusu yake hazijulikani ni za nani. Kazi yake ni kujua. Iliyoelemewa na mzigo anaipunguzia, iliyokaa bure anaizima. Ofisini wakambatiza Bi Zima. Hata hapa nyumbani, ukisahau taa ya chooni, utaitwa kwa jina lako lote mpaka la babu.

Mwaka jana alitengeneza programu ya kumsaidia. Kila seva pale kazini ina lebo: ya kudumu, ya majaribio, au ya muda. Kila Ijumaa jioni programu inapita, inatafuta za muda ambazo hazijafanya lolote kwa siku thelathini, inazizima na kumwandikia mwenyewe barua pepe. Asipojibu, Jumamosi saa sita mchana inafutwa kabisa, pamoja na nakala yake ya akiba. Na kwa kuwa watu hawaandiki sawasawa, huyu anaandika "ya muda tu", yule "ya muda kidogo", mke wangu aliiambia programu ichukue kila lebo inayoanza na "ya muda". Alinieleza hilo tukiwa mezani, na mimi nikamsifu. Niliona ni akili sana.

Wenzake pia waliona hivyo. Miezi minne tu, seva zikapungua karibu nusu, na zilizobaki zikawa zinakwenda mbio. Bosi akamwambia nafasi ya mkuu wa kitengo ni yake, barua atapewa Jumatatu. Jamani, mke wangu ameisubiri nafasi hiyo miaka sita. Mara mbili ilipita mbele ya pua yake ikaenda kwa watu aliowafundisha yeye mwenyewe. Nilikwishamkatia kitambaa cha koti la bluu, na nilikuwa natia bitana ile Jumamosi simu ilipolia.

Ilikuwa zamu yake ya kupokea simu za wateja, saa nne na dakika arobaini asubuhi. Alikuwa sebuleni na kompyuta yake, mimi kwenye cherehani yangu dirishani. Aliyepiga alikuwa muuguzi wa hospitali mojawapo.

"Dada, ile orodha ya damu adimu haifunguki," alisema. "Tuna mama anaingia chumba cha upasuaji saa nane, na damu ya kundi lake hatuna hata chupa moja."

Hiyo orodha, nilikuja kuelewa baadaye, ni ya watu wachache mno wenye damu isiyopatikana kirahisi, pamoja na simu zao. Ikihitajika, hospitali inaifungua na kuwaita waje kuchangia. Isipohitajika inakaa kimya, hata miezi miwili.

Mke wangu alimwomba muuguzi asikate simu. Akaandika, akasoma, kisha akaondoa mikono kwenye kompyuta. Nikaacha kanyagio.

"Nini?"

"Nimeizima mimi," alisema. "Jana jioni. Na saa sita inafutwa."

Akanigeuzia kioo cha kompyuta nione. Lebo ya seva inayobeba ile orodha ilikuwa imeandikwa vizuri kabisa, bila kosa la herufi: "ya muda mrefu". Nilisoma mara mbili kabla sijaelewa. Programu ilisoma "ya muda", ikatosheka, ikaona haijafanya kazi siku thelathini na tatu, basi. Onyo lilitumwa kwa mzee aliyeiweka, ambaye wote pale walimwita Mwalimu, na Mwalimu alistaafu zamani na barua pepe yake ilifungwa.

Sikumwona akihangaika. Kwanza alisimamisha ule ufutaji. Kisha akaiamsha seva, na tukangoja. Dakika kumi na moja tuliitazama ikijikokota, na mimi nilikuwa na sindano mdomoni bila kujua. Ilipofunguka, muuguzi alisoma majina kwa sauti ya chini. Yalikuwa matano. Wawili wanaishi karibu.

"Nawapigia sasa hivi," alisema, akakata.

Nilidhani mambo yamekwisha. Nikamwambia, haya, pumua, nikuletee chai. Akasema anampigia bosi kwanza.

Hapo ndipo nilipoonyesha mimi ni mtu wa namna gani, na sitaficha. Nikamwambia, "Unampigia umwambie nini? Seva imewaka. Hakuna aliyeumia. Barua ni keshokutwa, mke wangu."

"Atauliza kwa nini ilizimika."

"Mwambie lebo ilikosewa. Utaratibu wenu si ni kuandika 'ya kudumu'? Mwalimu hakuandika hivyo. Na Mwalimu amestaafu, watamfanya nini? Watamfukuza kwenye bustani yake?"

Hakunikasirikia. Afadhali angenikasirikia.

"Mwalimu aliandika Kiswahili sahihi," alisema. "Mimi ndiye niliyesoma nusu."

Akapiga simu akaeleza yote, kuanzia wazo la kuchukua kila kinachoanza na "ya muda" mpaka dakika zilizokuwa zimebaki kabla orodha haijafutwa. Hakujitetea hata kidogo. Nilitamani nimpokonye ile simu niongeze hata neno moja la kumtetea. Kisha akakaa hadi jioni akipitia lebo zote, moja moja, na kuibadilisha programu ili isifute kitu chochote mpaka mtu aseme ndiyo. Zile zinazokaa kimya akazitengea lebo mpya, "inangoja". Alisema kungoja nako ni kazi, ila hakuna kipimo kinachoionyesha.

Jumatatu hakupewa barua. Bosi alisema kwa upole kwamba itabidi wasubiri kidogo, mtu aliyekaribia kufuta orodha kama ile hawezi kupandishwa wiki hiyo hiyo, watu watasema. Nafasi wakampa kijana wa meza ya pili, tena aliyefundishwa na yeye. Nilimlaani bosi, nikamlaani kijana, nikamlaani na Mwalimu kwa maneno yake matatu badala ya mawili. Mke wangu alikula, akaosha vyombo, akalala mapema. Nilijua yu macho.

Jumanne mchana yule muuguzi akapiga tena. Mke wangu alikuwa anafanyia kazi nyumbani, akaweka simu mezani kwa spika, maana mikono ilikuwa kwenye kompyuta.

"Dada, habari za kazi. Yule mama amefanyiwa upasuaji, anaendelea vizuri, leo amekunywa uji. Sasa najaza ripoti, kuna sehemu ya aliyetusaidia. Nimeandika jina lako. Cheo niandike nini, mkuu wa kitengo?"

Mke wangu alinitazama. Nikajifanya natafuta uzi.

"Hapana," alisema. "Andika mtu wa zamu."

"Mtu wa zamu," muuguzi alirudia akiandika. "Asante sana, dada."