Kinyonga Aliyekuna Waya

Juzi binti yangu alinionyesha kwenye simu kinyonga akichimba mchanga ili atage. Nikasikia tena harufu ya dagaa wa uani kwetu Kariakoo, ambako baba mdogo alifuga vinyonga wa kuuza, wote kwenye banda moja la waya. Mmoja alivimba tumbo, akawa anakuna waya wa chini huku wenzake wakimkanyaga. Nilidhani anacheza, nikampigia makofi.

"Shemeji, huyo ana mimba. Mtenge, umpe mchanga," alisema mama, mwenyewe akiwa na mimba ya mdogo wangu.

Baba mdogo, Mungu amsamehe maana mimi bado, alicheka. "Ameshiba panzi huyo! Kwako kila tumbo ni mimba?"

Kinyonga alikufa na mayai yake tumboni. Mama alimfukia nyuma ya choo, akimwambia:

"Si ulitaka mchanga, mama? Haya, huu hapa."