Simu Nyembamba Kuliko Zote Yafika Masaki

Niliondoka Kibaha kwa sababu mbili, na ningependa kusema kwamba ile ya heshima ilikuwa ya kwanza. Haikuwa. Ya kwanza ilikuwa simu. Beni, mwenye duka la simu pale Maili Moja, aliniazima simu mpya ya bei ya juu kuliko zote dukani kwake, ile inayosifiwa kwa wembamba, nikae nayo siku chache kisha niandike kwenye ukurasa wangu jinsi ilivyo mkononi. Sababu ya pili ilikuwa mama mdogo Zuhura anayeishi Masaki, kule Kisarawe. Simu yake ilikuwa imetumbukia kwenye ndoo ya mihogo aliyoloweka na haikuwaka tena. Alimwagiza Sele, dereva wa bodaboda wa huko, anipigie: "Mama yako mdogo anasema Ijumaa uje na simu. Mwana atapiga."

Mwana ni binti yake wa pekee, anafanya kazi za ndani Uarabuni. Bosi wake humwachia simu mara moja kwa wiki, Ijumaa baada ya swala, na namba anayoijua kwa kichwa ni moja tu, ya mama yake. Ijumaa hii haikuwa ya salamu. Mkataba wake ulikuwa unaisha na bosi alitaka aweke sahihi ya mwingine wa miaka miwili. Wiki iliyotangulia, huku akikohoa, alikuwa amemwambia mama yake: "Fikiria, uniambie Ijumaa. Nisipokupata nitaweka sahihi, maana huyu mama bosi wangu hasubiri."

Alhamisi jioni nilipitia dukani. Beni aliitoa simu kwenye boksi kwa ncha za vidole, kama mtu anayetoa mwiba.

"Shika, dada. Unasikia nini?"

"Nasikia woga."

"Huo ndio ubora wenyewe," alisema, wala hakuwa anatania.

Nyumbani nilijiandaa kwa namna yangu, yaani kwa kupita kiasi. Mambo haya sikuyasomea chuo chochote. Nimejifundisha kwa kufungua simu mbovu za majirani na kuangalia video mpaka macho yakawasha, na ndiyo maana naogopa sana kukosea. Nikiandika kwamba kioo kinaonekana vizuri juani, naamka kitandani kwenda kukiangalia tena, wakati jua lenyewe halipo. Basi nilijiwekea sharti: huwezi kusema umeijaribu simu huku ya zamani imo mfukoni. Ya zamani niliiacha juu ya kabati. Pawabenki niliiacha pia. Kava sikuinunua, kwa sababu kuivika kava simu iliyouzwa kwa wembamba ni sawa na kununua viatu vya ngozi ukavivalia soksi kwa juu.

Asubuhi ya Ijumaa nilipata lifti kwenye kigari cha mizigo, kirikuu ya Baba Neema, jirani yetu aliyetoka Rombo zamani, anayefuga kuku na kupeleka mayai Kisarawe. Tulipita Mbezi, tukakata kwenda Kinyerezi, tukatokea Pugu. Njiani nilikuwa narekodi kila kitu: barabara, vumbi, msitu. Nilitaka kuisifu kamera, nikashindwa. Inapiga vizuri, lakini iko moja tu, kwani wembamba umekula nafasi ya nyingine. Halafu hiyo moja imetuna mgongoni kama jipu. Yaani wameikondesha simu nzima, kisha wakarundika unene wote sehemu moja, na bado wanaiita nyembamba. Ukiilaza mezani inayumba. Ukiiweka mapajani kwenye kirikuu inaondoka yenyewe. Mara mbili niliidaka ikielekea kwenye trei za mayai.

"Mdogo wangu," alisema Baba Neema bila kuondoa macho barabarani, "hiyo bei yake naweza kununua vifaranga wa banda zima?"

"Mabanda mawili."

"Na inafanya nini ambacho yangu haifanyi?"

Nilifikiri kwa uaminifu wote. "Ni nyembamba."

Alibadilisha gia tulipoanza kupanda kilima cha Pugu. "Mimi nikikonda, mke wangu ananipeleka hospitali," alisema.

Kisarawe mjini tuliagana sokoni. Nikakaa kwenye kibanda cha chai kumsubiri Sele, na hapo nikatazama chaji kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye akili. Zaidi ya nusu ilikuwa imekwisha, na mchana haujafika. Betri nyembamba, bila shaka. Nilikuwa najua, nilikuwa hata nimeandika kwamba "inatosha kwa siku ya kawaida." Siku ya kawaida ya nani, sikuandika. Pengine ya mtu anayekaa ofisini, karibu na soketi, asiye na ndugu. Nilitaka kumpigia mama mdogo kumwambia niko njiani, nikakumbuka kwamba simu yake ndiyo iliyokufa. Nikabaki naifuta alama za vidole kwa kona ya khanga, kazi ambayo haina mwisho, maana mgongo wake unashika vidole kuliko kioo cha dirisha.

Sele alikuja akipiga honi, kijana mwembamba mwenye koti zito katikati ya joto. Tulishika njia ya Masaki, kwanza nzuri, baadaye mashimo. Simu niliiweka mfuko wa mbele, nikahisi inaungua. Nilipoitoa iliniandikia kwamba imepata joto sana na inapunguza mwanga. Tulikuwa hata hatujafanya kitu. Simu ilikuwa imepanda bodaboda tu, kama abiria.

"Imezimia?" Sele aliuliza.

"Inapumzika."

"Haya mambo ya kishua," alisema, na alicheka mpaka tuliposhuka kwenye mikorosho ya mama mdogo. Alinishusha, akageuza kwenda kuchukua magunia ya mkaa ya mteja.

Masaki, kabla ya adhana. Mama mdogo alikuwa ameshatandika mkeka barazani, amevaa gauni la kutokea, kana kwamba Mwana angemwona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Njia nzuri? Karibu. Simu umekuja nayo?"

Niliitoa. Sitaficha: niliitoa kwa mbwembwe. Aliipokea, akaigeuza, akaipima uzito kwenye kiganja.

"Hii ndiyo yenyewe, au kava tu?"

"Ndiyo yenyewe."

"Haya." Alifungua pindo la khanga, akatoa karatasi iliyokunjwa. Ndani yake kulikuwa na laini yake, safi, imefutwa maji ya mihogo na kuwekwa kwenye fremu yake ya plastiki. Aliishika kama mtu anayeshika punje ya mwisho ya mbegu. "Nitilie."

Huku kwao hivyo ndivyo watu wanavyosaidiana. Simu yako ikifa, unakwenda kwa jirani na laini yako, anatoa yake, anakuwekea, unasubiri simu yako barazani kwake. Hakuna anayeomba maelezo. Mama mdogo alikuwa ameomba kitu hicho tu, na angekipata kwa yeyote. Alinisubiri mimi kwa sababu mimi ndiye mtaalamu wa simu katika ukoo.

Simu ile haina tundu la laini. Watengenezaji wameliondoa ili iwe nyembamba. Namba yako inasajiliwa humo humo ndani, bila kadi, kwenye ofisi za mtandao, kama nilivyosajili yangu. Nilikuwa nalijua jambo hilo kuliko mtu yeyote Kibaha. Nilikuwa nimelipanga kwenye orodha ya sifa zake. Na nilijua kwamba Mwana anapiga namba ya mama yake. Mambo hayo mawili yalikaa kichwani mwangu usiku mzima, kila moja kwenye chumba chake, wala sikuyafungulia mlango yakutane.

"Mama," nilisema, "haiingii."

"Huku?" Aligeuza simu, akatafuta kwa kucha, ubavu mmoja, ubavu wa pili, juu, chini. "Basi huku."

"Haina, mama. Hawakuiweka."

Hakunigombeza. Alirudisha laini kwenye karatasi, akakunja, halafu akafunua tena kana kwamba huenda akakuta nyingine. "Simu isiyotiwa laini," alisema taratibu. "Sasa hiyo ni simu ya kumpigia nani?"

Alisimama, akaenda kwa jirani wa kwanza. Yuko shamba, na simu yake anayo. Wa pili amekwenda mnadani. Wa tatu yuko porini kwenye tanuru la mkaa. Adhana ilisikika tukiwa bado njiani kurudi, na mama mdogo, ambaye magoti yake yanamsumbua, alikuwa ananitangulia.

Nilimkumbuka Sele. Nilikuwa nimeiona simu yake alipokuwa ananisubiri nipande: kitochi cha vitufe cha laini mbili, kimefungwa mpira wa manati kisifunguke. Namba yake ninayo, si ndiye aliyenipigia? Chaji ilikuwa imebaki ya kuhesabu. Umeme pale ulikuwa umekatika tangu jana yake. Nikapiga.

"Sele, rudi. Mama mdogo anahitaji kitochi chako, Mwana anapi..."

Kioo kikawa cheusi. Kilibaki kinanionyesha uso wangu tu, vizuri sana, lazima nikiri.

"Amesikia?" mama mdogo aliuliza.

"Sijui, mama."

Tukakaa mkekani. Sijawahi kuuchukia muda kama wakati ule. Watu walianza kutoka msikitini. Mama mdogo alikuwa anaongea peke yake, kwa sauti ya chini, na nilipomsikiliza niligundua hasali: alikuwa anarudia atakachomwambia binti yake, ili nafasi ikipatikana asipoteze neno.

Pikipiki ilisikika kabla ya kuonekana. Sele aliingia uani na gunia moja la mkaa nyuma. Mengine alikuwa ameyaacha barabarani.

"Nimesikia 'rudi' na 'kitochi'," alisema. "Nikajua ile ya kishua imezimia moja kwa moja." Alifungua mpira, akatoa laini yake moja, akaweka ya mama mdogo, akawasha. Kile kimlio cha kuwaka, ambacho kwenye maandishi yangu nimekikebehi mara nyingi, kilinitoa jasho.

Simu iliita kabla Sele hajamaliza kufunga mpira.

"Mama? Nimepiga mara ya tatu sasa. Nilidhani umezima." Kitochi kina spika kubwa, uwanja mzima ulisikia, pamoja na kikohozi.

"Ilikufa. Umeweka sahihi?"

"Bado. Karatasi iko hapa mezani, ananiangalia."

"Usiweke. Rudi."

"Na nyumba tunayojenga, mama? Kuta zimefika kwenye lenta tu."

"Nyumba haikohoi. Unakohoa wewe. Rudi."

Nyuma yake ikasikika sauti ya mwanamke ikiuliza kitu kwa Kiarabu. Kisha Mwana akasema, "Haya, mama," kwa sauti ya mtoto ambaye alikuwa anaombea aambiwe hivyo. Laini ikakatika.

Mama mdogo alimrudishia Sele simu kwa mikono miwili. Sele alimtolea laini, akafunga tena mpira. Alikwenda kuokota mkaa wake.

Jumamosi mchana nilirudi Kibaha. Beni aliikagua simu kila ubavu, akaridhika haina mkwaruzo, akaniuliza nitaandika nini. Nilimwambia ataisoma makala yenyewe. Basi ndiyo hii. Simu hii ni nyepesi, inapendeza, na imetengenezwa kwa ajili ya mtu ambaye hakuna anayemtegemea. Kila walichokipunguza ili iwe nyembamba, betri, kamera, tundu la laini, ni kitu ambacho ungeweza kumsaidia nacho mtu mwingine. Mimi nilikuwa nahesabu hizo kama sifa, nikihangaikia alama za vidole. Niliyojifunza ni machache: kabla ya kusema simu ni nzuri nitauliza kwanza ni nani anayesubiri kupigiwa.

Mwana amepata tiketi. Nilimpigia mama mdogo kupitia kwa Sele, nikamwambia nitakwenda naye uwanja wa ndege, nirekodi Mwana anavyotoka.

"Siku hiyo uje mikono mitupu," alisema. "Kuna mabegi ya kubeba."