Chumba cha kuangalia maji

Wakati ule gare ya Kolwezi ilijaa familia za Kasai zilizofukuzwa kwa sababu ya kabila lao, zikingoja treni. Mimi nilikuwa Nzilo, natafuta chumba cha siku mbili, cha bei ndogo, chenye kuangalia maji ya ziwa.

Mulinzi alinifungulia nyumba. “Bei iko chini, tata, sababu benye nyumba balibafukuza.”

Ndani, mama mwenye nyumba, wa Kasai, alikuwa bado anafagia kabla ya kwenda gare, kwani kwao nyumba haiachwi chafu. Akaegemeza ufagio ukutani, akaninyooshea ufunguo kwa mikono miwili.

“Tata, kitanda uweke ku dirisha. Asubuhi utaona maji muzuri.”

“Aksanti, mama,” nikasema, na kitanda nikakisogeza.

Leo watoto wangu wakiniuliza niliona nini miaka ile ya kufukuzana, sina uongo wa kuwapa. Niliona maji.