Kanda Yenye Kikohozi

Jambo zima lilinigharimu shilingi laki moja, elfu kumi na nne na mia tano. Redio ya kaseti elfu hamsini na tano; muuzaji wa Darajani alianzia themanini, akaniapia kwa wazazi wake wote wawili. Kanda yenyewe elfu kumi na mbili. Fundi wa kubadilisha mpira wa ndani ya redio, elfu sita. Halua na kahawa, kumi na moja na mia tano. Gari ya kumleta mama mkubwa kutoka Mkokotoni na kumrudisha, thelathini, na dereva mpaka leo ananiona bakhili. Nimejumlisha mara mbili. Mimi nauza vyombo vya mitumba, nisipojumlisha mara mbili usingizi hauji.

Mtu ataniuliza, nyimbo hizo si zimo kwenye simu? Zimo, tena bure. Nilimwekea mama, akasikiliza ubeti mmoja, akanirudishia simu yangu. "Hii wameiosha," akasema. Hakukosea. Kwenye kanda, yule bibi aliyezitunga nyimbo zote sita na kuziimba mwenyewe, udi wake mapajani, anakohoa kidogo kabla ya ubeti wa tatu wa wimbo wa nne. Kikohozi kidogo tu, cha mtu anayejiandaa kusema kweli. Kwenye simu wamekifuta. Mama anasema bila kile kikohozi ubeti unaingia kama mgeni asiyepiga hodi.

Kanda yao ya mwanzo waliinunua pamoja, yeye na dada yake, wakiwa wasichana, kila mmoja katoa nusu. Waliipiga mpaka ikakatika, wakaiunga kwa rangi ya kucha, ikakatika tena, wakaizika kwenye kopo. Lakini nyimbo zilibaki vichwani mwao kwa mpangilio ule ule. Ukimkatiza mama wimbo wa pili, anaanza wa tatu bila kufikiri.

Kisha wakanuniana. Miaka sita.

Ilikuwa harusini, hapa mjini. Taarabu mtu haisikilizi kwa kukaa. Ubeti ukikugusa unainuka, unakwenda kwa madaha kumtunza mwimbaji kwa noti, na ukumbi mzima unaangalia umeinukia ubeti gani na umepita mbele ya nani. Siku ile kikundi kiliimba wimbo wa nne. Ulipofika ubeti wa tatu, ule wa mtu anayechovya sahanini mwako kisha akenda kukusema kwa jirani, mama mkubwa akainuka na noti ya elfu kumi. Akaja mpaka mbele ya mama, akasimama, akamnyooshea noti usoni. Ukumbi ukaguna. Mama akageuza uso upande wa pili, na upande huo ndio alioangalia tangu siku hiyo.

Mama alitaka aombwe radhi. Mama mkubwa alisema mkubwa hajielezi kwa mdogo. Mimi nikawa posta. Nikienda Mkokotoni naulizwa kama mama anakula vizuri. Nikirudi kwetu Malindi, hapa mjini, naulizwa lile goti la dada linaendeleaje. Na nyumba zote mbili, nikiingia jikoni, nakuta wimbo wa nne unaimbwa chini chini. Wote wawili wamepita sabini. Nikaona nikiwaachia wenyewe watasameheana mazikoni, na hapo mmoja wao hatasikia.

Basi nikamwambia mama mkubwa nimeipata kanda, aje asikilize. Mama nikamwambia jirani yetu anakuja kunywa kahawa. Jirani kweli alikuja. Sikusema uongo, nilipunguza mizigo tu.

Alasiri ile mama mkubwa alipoingia uani, mama alitoa shikamoo akiitazama ndoo ya maji. Dada yake akaitika marahaba akiutazama ukuta. Hiyo ni haki ya umri, haihesabiwi kuwa ni mazungumzo. Mmoja akakaa kwenye kibao, mwingine kwenye mkeka, mimi nikabonyeza redio haraka kabla mtu hajakumbuka kuondoka.

Udi ulipoanza, mabega yao yalishuka kwa pamoja. Niliona kwa macho yangu. Wimbo wa kwanza wakaunyamazia. Wa pili, jirani akaanza kusifia fidla, na wote wawili wakamwambia nyamaza, kwa sauti moja, mkono mmoja hewani. Jirani akarudi kwenye halua. Wa tatu, mama akaangua kicheko mahali pale ambapo bibi wa watu anamwita mumewe jogoo wa jirani, na dada yake naye akacheka, kisha kila mmoja akakusanya uso wake.

Wimbo wa nne. Ubeti wa kwanza, wa pili. Kikohozi kikaja.

Mama mkubwa akainuka. Goti na yote. Akafungua pindo la kanga, akatoa noti ya elfu kumi, mkono juu, mwendo ule ule wa harusini. Akapita mbele ya jirani, akaipita na redio, akasimama mbele ya mama na kumnyooshea noti usoni. Jirani akaacha kutafuna. Mimi nikatafuta kitu cha kushika, nikashika birika, likaniunguza.

"Una chenji?" akasema.

Mama akamtazama. "Chenji?"

"Elfu elfu. Siku ile nlikuuliza hivi hivi, ngoma zikanizidi sauti, ukanigeuzia uso. Elfu kumi nzima kwa ubeti mmoja, miye nna wazimu?"

"Na ubeti wenyewe ule, dada?"

"Nauinukia tangu tunasukana nywele, na wewe ndiye unayejua kuliko wote."

"Si ungesema."

"Si ungeuliza."

Mama akaingiza mkono kifuani, akatoa kikoba chake, akamhesabia dada yake noti za elfu moja kiganjani, polepole, huku midomo yao wote ikifuatisha wimbo. Nami nikazihesabu kwa macho, kisha nikazihesabu tena. Kumi kamili. Mama mkubwa akaweka moja juu ya redio, mama akaweka yake, jirani naye kwa aibu akaweka. Ubeti ulikuwa umeshapita. "Rudisha," mama akaniamrisha, "tumeukosa kwa maneno yako," akimkusudia dada yake, na dada yake akamsukuma bega. Nilirudisha mpaka nikaihofia kanda.

Lakini walipoagana garini, waliambiana "haya" na "haya" tu. Asubuhi mama alizunguka uani akaniuliza mara kwa mara kama simu yangu ina chaji. Nikaogopa isije ikawa yamekwisha pale pale yalipoanza.

Kabla ya adhuhuri simu ikalia.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Mwambie mama yako chenji yangu pungufu. Elfu moja haimo."

Nikamwambia nilizihesabu mara mbili, na zilitimia.

"Nimekuuliza wewe? Mwambie nnamdai. Na asinitumie kwa simu. Ailete mwenyewe huku Mkokotoni, alale, na aje na kanda."