Kwa Nini Twasema "Amepitia Beseni"

Kwetu Kathiani, tukimsifu mtu mwaminifu, husema, "Huyo amepitia beseni." Wengi wenu mmeniuliza msemo huo ulitoka wapi. Nilichojua ni kwamba ulianzia kwa wacheza dadu, basi nikaamua kwenda Wamunyu kuwauliza wanaozichonga.

Asubuhi niliondoka na sweta. Kufikia Machakos mjini nilikuwa nimeivua, na baada ya hapo mahindi yalizidi kuwa mafupi na udongo mkavu zaidi.

Wamunyu nilielekezwa kwa Muthama, anayechonga twiga, vijiko na dadu za ludo. Aliyenipokea ni mkewe, Mama Mwende; Muthama mwenyewe alikuwa ameketi kando akipiga msasa. Niliposema nimefuata habari za dadu, uso ulimbadilika.

"Wewe ni wa kucheza ama wa kuuliza?"

"Wa kuuliza tu, mama."

"Basi kaa uulize. Huyu alicheza kamari mpaka cherehani yangu ikaenda. Ameacha, na sitaki arudi."

Muthama alicheka kidogo, akaendelea kupiga msasa. Alinieleza kwamba mchezaji mjanja hairushi dadu. Huitelezesha mezani isigeuke. Huko ndiko kulaza, na ndiyo maana vijana huambiana "usinilazie," yaani usinifanyie ujanja. Nami nikauliza kuhusu beseni.

"Dadu lazima ijaribiwe," akasema. "Wenzangu huzirusha. Mimi nikirusha mara moja, mkono unataka ya pili. Kwa hivyo naziogesha."

Alitia dadu moja katika beseni la maji, akaizungusha kwa kidole. Ilielea, ikatulia kwenye tatu, halafu tano, halafu moja. Nyingine ilirudi kwenye nne kila mara, akaitupa kwenye moto wa jiko.

"Hiyo iko na mwenyewe," akasema, yaani ina upande inaoupendelea.

Wachezaji walipogundua kwamba dadu zake haziibi, wakawa wanauliza kabla ya kuketi, "Imepitia beseni?" Baadaye wakauliza hivyo hata kuhusu watu, na sisi wa Kathiani tukauokota msemo huo sokoni.

Mchana akaingia Kimeu, mwenye duka Machakos, amefuata mzigo wake wa dadu.

"Wacha kuosha vyombo, Muthama! Niko na haraka. Rusha mbili tu nione."

"Zitapitia maji kwanza."

"Kwani unaogopa vijiti viwili hivi? Rusha, ama niende kununua za plastiki."

Mama Mwende alisimama mlangoni, sufuria mkononi. Muthama alikuwa ameshika dadu mbili. Vidole vikazifunga, akazitikisa mara moja, zikagongana. Macho yake yalikuwa kwenye meza.

Kisha akainama, akazitumbukiza majini.

"Keti, Kimeu. Chai iko."

"Chai ya maji ya dadu?"

Mama Mwende ndiye aliyecheka kwanza, tena kwa sauti. Kimeu akanung'unika, akaketi, akanywa vikombe viwili huku dadu zikiogeshwa moja moja, na akazichukua zote.

Jioni nilirudi nyumbani nimeshiba na nimefurahi. Nilikuwa nikidhani maneno ya wacheza kamari huzaliwa na tamaa ya bahati. Haya mawili, la kulaza na la beseni, yalizaliwa na hofu ya kudanganywa, na moja kati yake linatoka kwa mtu asiyejiamini akiwa na dadu mkononi. Tuendelee kulisema, ni neno zuri. Sisi twalipata bure. Muthama hulilipia kila mteja anapoingia na haraka zake.